Ngumi za Jirani: Raha ya Sinema za Mapigano Zinazotengenezwa Nyumbani

Ndugu msomaji, yako malalamiko ambayo hayakosekani katika nyumba yenye watoto. Mtoto ametoka kutazama sinema ya ngumi, na kabla chai haijapoa mpini wa ufagio umegeuka upanga, mto wa kitandani umegeuka adui, na mdogo wake yuko pembeni analia. Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Mmoja wa watoto husimama kando na simu ya mkononi, akaamrisha wenzake walirudie pigo lile, maana mara ya kwanza halikutoka vizuri. Mzazi huliona jambo hilo kuwa upuuzi mtupu; huchukua simu yake na mpini wake, na mchezo ukafa.

Kabla hujafanya hivyo, makala haya yanakuomba usubiri kidogo. Iko aina ya filamu ambayo asili yake ni mchezo huo huo: filamu za mapigano zinazotengenezwa nyumbani, kwa fedha haba, na watu wa mtaa mmoja. Dosari zake ni nyingi, wala watengenezaji wake hawazifichi. Walakini zimewavuta watu wazima wenye akili zao timamu, kutoka vibanda vya Kampala mpaka kumbi za Toronto. Yafaa tujiulize ni kitu gani hasa kinachowavuta, maana jibu lake linaihusu pia nyumba yako.

MTAA WA WAKALIGA

Mfano ulio bora uko kwa jirani zetu wa Uganda. Wakaliga ni mtaa wa watu wa kipato kidogo katika jiji la Kampala. Huko ndiko anakofanyia kazi Isaac Nabwana, aliyezaliwa mwaka 1973, ambaye riziki yake ya awali aliipata kwa kufyatua matofali. Mwaka 2005 alianzisha kampuni aliyoiita Ramon Film Productions. Jina la Ramon alilipata kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Hakupita katika chuo chochote cha filamu. Alisomea kwa muda mfupi matengenezo ya kompyuta, na yaliyobaki akajifundisha mwenyewe. Nyumba yake ndiyo ofisi, ndiyo karakana, na ua wake ndio uwanja wa vita. Watu wa nje wamepabandika mahali hapo jina la Wakaliwood.

Habari za utoto wake zinafaa kusimuliwa. Nabwana hakubahatika kwenda sinema mara nyingi. Aliyekuwa akienda ni kaka yake, ambaye alirudi nyumbani na kumsimulia yote aliyoyaona, pigo kwa pigo. Kwa hiyo alizijua filamu kwa masikio kabla hajazijua kwa macho, kama vile wengi wetu tulivyomjua sungura na fisi katika hadithi za bibi kabla hatujawaona porini. Mtu aliyelelewa hivyo hujifunza mapema kwamba filamu si mashine wala fedha, bali ni hadithi inayosimuliwa na mtu kwa mtu.

Filamu iliyomtangaza ni Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010. Kapteni Alex, askari hodari kuliko wote Uganda, anatumwa kuliangamiza genge la wahalifu liitwalo Tiger Mafia. Askari wake wanamkamata ndugu wa mkuu wa genge, naye mkuu huyo anaapa kulipiza kisasi. Usiku mmoja Kapteni anakutwa ameuawa. Hapo anatokea ndugu yake, mtawa wa Shaolin aliyebobea katika kung fu, kumtafuta muuaji. Mapigano yanafuatana, helikopta inaushambulia mji, na mwisho wa yote swali lililo katika jina la filamu halijibiwi. Mtazamaji anaondoka bila kumjua aliyemuua Kapteni Alex, wala hajuti.

Gharama yake, kama inavyosimuliwa, haikuzidi dola 200 za Kimarekani. Ili upate kipimo, The Big Boss, filamu ya mwaka 1971 iliyompa Bruce Lee umaarufu, na ambayo yenyewe ilihesabiwa kuwa ya bei nafuu, iligharimu takriban dola 100,000.

MWILI HAUNUNULIWI

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini maskini wa fedha akachagua filamu za mapigano, ambazo zaonekana kuwa na makuu, badala ya hadithi nyepesi ya mapenzi?

Jibu ni kwamba katika aina hii ya filamu jambo kubwa kuliko yote halinunuliwi dukani. Magari ya kifahari yana bei, majumba yana bei, na mavazi ya kifalme yana bei. Lakini mwili wa mwanadamu unaoruka, kujipinda, kuanguka na kuinuka ni mali ya kila mtu aliyejaliwa afya. Alichohitaji Bruce Lee ili kulijaza jukwaa ni miguu miwili na mikono miwili. Wakati Enter the Dragon inaonyeshwa mwaka 1973, mwenyewe alikuwa amekwisha fariki dunia akiwa na umri wa miaka 32. Lakini vijana wa miji mingi ya Afrika, pamoja na Dar es Salaam, ambako filamu za namna hiyo zilijaza kumbi katika miaka ya 1970, walikuwa wamekwisha lipata somo lake: kwamba kijana asiye na kitu anacho kitu, nacho ni mwili wake na mazoezi yake.

Hata matajiri wa kazi hii wanaujua ukweli huo. Jackie Chan, katika Project A ya mwaka 1983, alianguka kutoka juu ya mnara wa saa, akapasua vitambaa vya kivuli mpaka akafika chini. Mwishoni mwa filamu watazamaji wakaonyeshwa pia majaribio yaliyoharibika na maumivu ya waigizaji. Hakuona aibu. Alijua kwamba mtazamaji anapoona jasho la kweli humpenda zaidi mtoaji jasho.

Huko Wakaliga jasho hilo halina pa kujificha. Mchezaji wao mashuhuri wa kung fu, ajulikanaye kwa jina la Bruce U, huwafundisha mchezo huo watoto wa mtaani. Watoto hao ndio mashujaa wa filamu ya Crazy World: wahalifu wanawateka watoto, pasipo kujua kwamba watoto waliowateka ni mabingwa wa kung fu. Katika filamu nyingine, Bad Black ya mwaka 2016, kijana mdogo wa mtaani anamfundisha kupigana daktari mzima wa Kimarekani aliyeibiwa mali yake. Tazama jinsi mambo yalivyopinduliwa: mdogo ndiye mwalimu, na mkubwa aliyetoka ng'ambo ndiye mwanafunzi anayetoka jasho kwenye matope.

ANAYEPIGWA NDIYE FUNDI

Yafaa wazazi waelewe jinsi pigano la sinema linavyofanywa, kwani hapo ndipo penye funzo kubwa.

Ngumi ya sinema haifiki. Hupita mbele ya uso wa mtu ikiacha nafasi, na kamera huwekwa nyuma ya bega ili nafasi hiyo isionekane. Sauti ya pigo huongezwa baadaye. Kwa hiyo mwenye kazi kubwa si yule anayerusha ngumi, bali yule anayepigwa. Yeye ndiye anayepaswa kugeuza kichwa kwa wakati wake, kuyumba, kupepesuka na kuanguka bila kuumia. Akichelewa kidogo tu, pigo huwa uongo. Akiwahi, watazamaji hucheka. Wapiganaji wawili wasioaminiana hawawezi kutengeneza pigano zuri hata wakijaribu siku nzima.

Kwa maneno mengine, ndugu msomaji, pigano la sinema kwa ndani ni mapatano. Watu wawili wamekaa, wamehesabu hatua, na kila mmoja ameikabidhi salama yake mikononi mwa mwenziwe. Katika filamu kubwa mapatano hayo yamefichwa kwa ustadi na kwa fedha nyingi. Katika filamu ya nyumbani yanaonekana waziwazi: unaona jinsi adui anavyongoja kidogo zamu yake, jinsi anayeanguka anavyochagua mahali pasipo na jiwe, jinsi majirani wanavyochungulia dirishani wakitabasamu. Unatazama vita, na wakati huo huo unatazama ujirani mwema. Huo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndio utamu wenyewe.

Tena tusisahau ni nchi gani tunayoizungumzia. Nabwana alikuwa mtoto wakati wa utawala wa Idi Amin, uliodumu tangu mwaka 1971 hadi 1979 na kuangushwa katika vita ambayo wazee wetu wa Kagera hawahitaji kukumbushwa. Baada ya hapo Uganda iliendelea kusikia bunduki za kweli kwa miaka mingi. Kwamba watu wa mtaa wa nchi hiyo waliweza kuzichukua bunduki, wakazifanya za bandia, na kuwachekesha watoto wao kwazo, si jambo dogo.

KILA KITU KINA MWENYEWE

Bunduki hizo zina fundi wake, Dauda Bisaso. Hukusanya vyuma chakavu, akakata na kuchomelea, mpaka ikatokea bunduki ya rashasha isiyoweza kumdhuru hata inzi. Moto unaotoka mdomoni mwake hutiwa baadaye kwa kompyuta. Mtambo wa kuinulia kamera aliuunda kwa vyuma hivyo hivyo na vipuri vya magari. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Mafundi hawa waliona kwamba asiye na mtambo wa ng'ambo na aeleke jeki ya gari.

Kompyuta za Nabwana nazo zilikuwa za kuungaunga, kipande hiki kutoka hapa na kile kutoka kule. Umeme ulikatika apendavyo mwenye umeme, na joto na vumbi vikafanya yao. Kitambaa cha kijani kilichotundikwa ukutani kiligeuka anga, na katika anga hiyo ikaruka helikopta ya kuchorwa, ikayalipua majengo ya Kampala huku watu halisi wakiendelea na safari zao. Damu pia ilikuwa na historia yake. Hapo mwanzo walitumia damu ya ng'ombe, mpaka mchezaji mmoja alipougua kwa sababu yake, ndipo wakahamia kwenye rangi ya chakula.

Mambo haya yote huonekana kwenye filamu. Mtazamaji anajua kwamba ile si bunduki, anajua kwamba ile si damu, na kwamba ile helikopta haijapata kuruka. Hata hivyo hakasiriki, kwa sababu hakuna aliyetaka kumdanganya. Amealikwa ashiriki katika kudhani. Na kila anachokiona kina mwenyewe: huyu kakichomelea, huyu kakishona, huyu kakibeba kichwani kutoka sokoni. Filamu kubwa huwa na orodha ya mamia ya majina ambayo hakuna anayeisoma. Filamu ya mtaani haihitaji orodha, maana waliomo ni akina fulani wa nyumba ya pili.

MSEMAJI WA KIBANDANI

Haifai kuzitaja filamu hizi bila kumtaja msemaji. Katika vibanda vya video vya Uganda pana mtu aitwaye VJ, ambaye kazi yake ni kusema juu ya filamu inapoendelea: anatafsiri, anaeleza, anatania, anamwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na mara nyingine anatunga jambo ambalo halimo kabisa. Katika filamu za Wakaliga kazi hiyo hufanywa na VJ Emmie. Mchezo ukilegea yeye huukaza. Dosari ikijitokeza yeye huikimbilia na kuicheka kabla hujaicheka wewe.

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa sanaa hii. Watanzania wanamkumbuka Lufufu, ambaye sauti yake ilizifanya filamu za Kichina na Kimarekani zizungumze Kiswahili cha mtaani. Na huko Kenya DJ Afro amejipatia jina kubwa kwa kazi ya namna hiyo hiyo, akizisimulia filamu za ngumi kwa maneno yake mwenyewe. Ni yule yule msimulizi wa hadithi za jioni, ila mbele yake pamewekwa televisheni mahali pa moto wa kuni.

KICHEKO CHA NAMNA GANI?

Kipande cha kuitangaza Captain Alex kilipowekwa kwenye mtandao wa YouTube, kilitazamwa na watu wengi mno duniani. Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, aliyekuwa akifanya kazi za matamasha ya filamu, alikiona kipande hicho, akapanda ndege kwenda Kampala mwishoni mwa mwaka 2011, na hatimaye akahamia huko na kuigiza. Daktari wa Bad Black ni yeye. Mwaka 2015 Nabwana aliomba kwa njia ya intaneti mchango wa dola 160 tu kwa ajili ya filamu mpya, akapata zaidi ya dola 10,000. Crazy World ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2019, na mwaka 2022 kundi la Wakaliga lilishiriki katika maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, mjini Kassel, Ujerumani. Filamu ya habari juu ya maisha yao, Once Upon a Time in Uganda, ilitolewa mwaka 2021.

Sifa ni njema, lakini hapana budi tuulize: wale wanaocheka ng'ambo wanacheka nini? Kuna anayecheka kwa kuona umaskini, kama mtu anayecheka kiraka katika nguo ya mwenziwe. Kicheko hicho hakina heshima, na kikiwazoesha mafundi kutengeneza vitu vibovu makusudi ili wachekwe, kitawaharibia kazi. Na kuna anayecheka pamoja nao, kwa kuwa mzaha wenyewe umetungwa na wao na wao ndio wa kwanza kuucheka. Tofauti ya vicheko hivyo viwili ni tofauti ya dharau na urafiki. Mtazamaji mwema hutazama kiraka akaona mkono ulioshona.

Wala tusidanganyane kwamba uhaba ni baraka. Wachezaji wa Wakaliga waliigiza bila mshahara, wakitegemea sehemu ya mauzo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kule kizuri ndicho kilichojitembeza, kwani wachezaji wenyewe walibeba santuri za DVD na kuziuza nyumba kwa nyumba, wakishindana na wezi wa kazi za wenzao ambao baada ya siku chache wangekuwa wamekwisha toa nakala zao. Na liko jambo la kusikitisha kuliko hilo. Kompyuta yao haikuwa na nafasi ya kutosha, hivyo Nabwana alizoea kufuta kazi iliyokwisha ili apate mahali pa kuweka mpya. Captain Alex katika hali yake ya awali, bila sauti ya msemaji, haipo tena. Iliyobaki ni ile yenye maneno ya VJ Emmie. Filamu iliyotazamwa na mamilioni ilinusurika kwa sababu tu nakala ya kuuza ilikuwa imekwisha toka nje ya nyumba.

KWA WAZAZI

Sasa turudi kwa watoto wetu. Makala haya hayasemi kila mtoto mwenye mpini wa ufagio ni msanii. Yanasema kwamba kuna tofauti kubwa kati ya mtoto anayeiga ngumi na mtoto anayetengeneza pigano. Wa kwanza anapiga. Wa pili anapanga. Kazi ya mzazi ni kumtoa mwanawe kwa yule wa kwanza na kumfikisha kwa yule wa pili, na kufanya hivyo hakuhitaji fedha.

Waamuru kwanza watunge hadithi, kwani pigano lisilo na sababu halina utamu. Sharti la pili liwe kwamba ngumi haifiki, na kwamba mkono ukimgusa mtu mchezo unasimama. Wazuie kabisa kuruka kutoka juu ya paa au ukuta. Jackie Chan alikuwa na miaka ya mazoezi na watu wa kumhudumia, na bado aliumia. Silaha ziwe za maboksi au matete, damu iwe ya rangi ya chakula. Mwenye kupenda kusema apewe kazi ya usemaji, mwenye mikono mizuri apewe karakana, na yule mdogo aliyezoea kulia pembeni afundishwe kuanguka, kisha aelezwe kwamba yeye ndiye fundi mkuu wa pigano lote. Utastaajabu jinsi machozi yatakavyokauka. Wasichana nao wasiachwe nyuma kuwa watu wa kuokolewa tu. Mwili nao wanao.

Wakimaliza, kaa nao utazame. Cheka pale wanapotaka ucheke. Kisha, kabla simu haijajaa na mtu hajafuta kilichomo ili kupata nafasi, fanya jambo ambalo jirani zetu wa Wakaliga hawakuwa na uwezo wa kulifanya: itoe filamu hiyo, uihifadhi mahali pa pili, na uandike juu yake tarehe na majina ya waliocheza. Siku moja watakuwa watu wazima, kila mmoja na mji wake, nao wataitafuta.